Kivinjari kikigoma baada ya sasisho, usikimbilie kufuta kompyuta

Hapa Lubumbashi, kompyuta ikianza kusumbua baada ya mfumo kusasishwa, ushauri ambao mtu hupewa upesi ni kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Ushauri huo naupinga, hasa pale kilichoharibika ni kivinjari peke yake, kwa sababu humnyang'anya mtu alamisho (anwani za kurasa alizohifadhi) na manenosiri ambayo mara nyingi bado yamo salama ndani ya diski.

Binti wa jirani, mwanafunzi anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo, aliniletea kompyuta yake inayotumia Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa familia ya Linux, aliyokuwa ameitoa toleo la 20.04 na kuipandisha hadi 22.04. Mtandao ulikatika katikati ya shughuli, na tangu hapo kivinjari chake, Firefox, hakikufunguka. "Yaya, kurasa zote nilizoweka zimepotea," aliniambia (yaya huku ni ndugu mkubwa). Hazikuwa zimepotea.

Kuanzia toleo hilo la 22.04, lililotoka Aprili 2022, Ubuntu haitoi tena Firefox kama kifurushi cha deb, yaani faili la kawaida la kusakinishia programu. Kifurushi chenye jina hilo bado kipo, lakini ni kama kibao cha barabarani: kinaelekeza tu kwenye Snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kusambaza programu, ambako programu yenyewe hupakuliwa. Nilipoandika snap list firefox kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), jibu lilionyesha kwamba programu haikuwapo kabisa. Tukaagiza sudo snap install firefox kupitia mtandao wa simu, tukasubiri, maana mzigo wake unazidi megabaiti 100 na mega zinanunuliwa kwa pesa.

Kivinjari kilifunguka, lakini kitupu. Snap huweka kumbukumbu zake katika ~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox, ilhali zile za zamani zinabaki katika ~/.mozilla/firefox (alama ~ ni folda ya nyumbani ya mtumiaji). Kwa kawaida kinapofunguliwa mara ya kwanza hunakili za zamani, ila safari hii hakikufanya hivyo. Ndani ya folda ya nyumbani, Ctrl+H hufichua folda zilizofichwa, na ndani ya ile ya kumbukumbu za zamani tuliliona faili la places.sqlite, ambalo hubeba alamisho na historia, pamoja na logins.json na key4.db, ambayo hubeba manenosiri na hayafai kutenganishwa, kwa kuwa la pili ndilo lenye ufunguo wa kulisoma la kwanza.

Kabla ya kugusa lolote, nilinakili folda nzima kwenye flashi. Kisha niliandika about:profiles kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari ili nijue folda inayotumika sasa, nikakifunga kivinjari kabisa, ndipo nikayahamishia humo mafaili hayo matatu. Alamisho zake zilirudi zote.

Asiyeipenda Snap anaweza kutumia hazina ya deb ya Mozilla wenyewe, mradi aipe kipaumbele katika mipangilio ya APT, programu inayosakinisha na kusasisha vifurushi vya deb. Asipofanya hivyo, sasisho linaweza kumrudisha kwenye Snap. Ahakikishe pia kwamba toleo analoliweka si la zamani kuliko lile alilokuwa akitumia, kwa sababu tangu Firefox 67 ya mwaka 2019, kivinjari hukataa kufungua kumbukumbu zilizokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi.