Madai ya kampeni 2022: karatasi ya mshahara ilinifaa kuliko mchumi

Kila mtu alikuwa na ushauri. Niliposema kwenye kundi letu la familia kwamba nimechoka na upuuzi wa ahadi za pesa za uchaguzi unaofowadiwa usiku kucha, na kwamba kuanzia siku hiyo nitaukagua mwenyewe, mmoja akaniambia nisikilize redio inatosha. Mwingine akasema siasa haina hesabu. Shemeji yangu, ambaye hujua kila kitu isipokuwa alipoweka miwani yake, akashikilia kwamba lazima nimtafute mchumi. Mchumi! Mimi niliyekaa chumba cha hesabu cha hoteli hapa Mombasa nikitengeneza mishahara ya wapishi na mabawabu tangu zama za kuandika kwa kalamu.

Basi, ili asije akasema sikumsikiliza, nikamtafuta huyo mchumi. Alikuwa rafiki wa rafiki, kijana mwenye digrii na viatu vya kung'aa. Tukakaa barazani kwa muuza kahawa, kahawa chungu na kashata kwa gharama yangu, vikombe vikaenda vikirudi. Nikamuuliza: hizi shilingi 6,000 za kila mwezi anazoahidi mgombea urais Raila Odinga, zitapewa nani hasa? "Hilo ni swali zuri sana, mzee," akasema, akaanza na vita vya Ukraine, akapita kwenye bei ya mafuta, akazunguka na mfumuko wa bei, akaomba kashata nyingine. Nikauliza tena. Swali likawa zuri zaidi. Nikauliza na pesa za wajasiriamali za mpinzani wa Raila, William Ruto, hapo uso ukabadilika, akasema hizo hata si za kuuliza, ni ndoto. Simu yake ikalia, akaenda kuipokea pembeni, mkoba akauacha wazi. Mle ndani mlikuwa na kofia za kampeni, mpya, bado zimo kwenye plastiki, rundo zima. Aliporudi nikamuuliza, "Kaka, hizi ni za wanafunzi wako?" Hakuona haya. Akanipa moja. Hainitoshi mpaka leo.

Baada ya hapo nikatafuta karatasi zenyewe. Azimio, muungano wa Raila, walizindua manifesto yao uwanja wa Nyayo tarehe 6 Juni, Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wakazindua ya kwao Kasarani tarehe 30 mwezi huohuo, na hotuba ya bajeti ya Waziri wa Fedha Ukur Yatani ilikuwa imeshasomwa Bungeni tangu tarehe 7 Aprili. Zote zilipatikana bure, ukiondoa bando na kuchapisha kurasa chache kwenye saiba kwa bei ya chapati na maharagwe.

Dai lililozagaa kuliko yote lilikuwa kwamba Raila atampa kila Mkenya 6,000 kila mwezi. Cha ajabu, wafuasi wake walilisambaza kwa furaha na wapinzani wake wakalisambaza lilelile kwa kejeli. Manifesto ilisema familia milioni 2 zisizojiweza. Kilichobaki ni kuzidisha: 6,000 mara miezi 12 mara milioni 2 ni bilioni 144 kwa mwaka. Fedha nyingi, naam, lakini serikali za kaunti zote 47 zilitengewa mgao wa bilioni 370 mwaka wa fedha wa 2022/23, kwa hiyo aliyeandika kwamba ahadi hii "itameza pesa zote za kaunti" naye alikuwa akidanganya.

Sasa chukua ule uvumi wa kila Mkenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47 na nusu hivi. Mpe kila mmoja 72,000 kwa mwaka, unapata zaidi ya trilioni 3.4. Bajeti nzima ya 2022/23 ilikuwa kama trilioni 3.3. Shemeji akasema ingewezekana wizi ukiisha. Nikamjibu kwamba hata asiibe mtu senti, walimu wasilipwe, polisi wasilipwe, madeni yasilipwe, bado pesa hazitoshi. Akanyamaza mpaka jioni, na kwa tunaomjua hiyo ni rekodi.

Zile pesa za wajasiriamali za Kenya Kwanza, bilioni 50 kwa mwaka, hazikunichukua muda. Kundini zilikuwa "pesa za bure za hasla", yaani za mtu wa kawaida anayejitafutia riziki. Kwenye manifesto ni mikopo. Mkopo hurudishwa.

Ila ushindi wangu mkubwa ulikuwa wa kodi. Ilikuja sauti iliyorekodiwa, haina jina la mtu, ikisema mgombea wao akishinda, mwenye mshahara wa 24,000 kushuka chini hatakatwa tena PAYE, ile kodi ya mshahara. Watu wakashangilia, emoji za kucheza ngoma zikajaa. Mimi nikacheka peke yangu kama mwehu. Sikuandika insha. Nilimpigia mpwa wangu anayefanya kazi ya ubawabu, mshahara 22,000, nikamwambia, "Mwanangu, nitumie picha ya karatasi yako ya mshahara, ufiche jina." Akauliza, "Mjomba, kuna shida?" Nikamwambia hakuna, leo wewe ndiye profesa.

Nikaitupa ile picha kundini na swali moja tu: nionyesheni PAYE iko wapi. NSSF, akiba ya uzeeni, 200. NHIF, bima ya afya ya wakati huo, 750. PAYE sufuri. Maana tangu 2020 kodi ya 24,000 za kwanza ni asilimia 10, na nafuu ya kila mlipakodi ni 2,400 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 hiyohiyo. Walikuwa wakiahidiwa kitu walichonacho mfukoni! Ukitaka kumshawishi Mkenya jambo la kodi usimpe asilimia, mpe karatasi ya mshahara ya mtu anayemjua.

Ahadi ya mgombea urais mwingine, George Wajackoyah, ya kulipa madeni ya nchi kwa bangi niliiweka kando. Ningekagua nini, na kilo ngapi wala soko lipi sikuonyeshwa? Ila waliodakia kwamba deni letu karibu lote ni la China niliwajibu: mkopeshaji wetu mkubwa wa nje ni Benki ya Dunia, na karibu nusu ya deni tumekopa humuhumu nchini.

Uchaguzi uliisha, kazi haikuisha. Februari 2023 mpwa wangu akatuma karatasi nyingine, NSSF imeruka kutoka 200 hadi 1,080. Kundi likawaka: serikali mpya, kodi mpya! Nikawaambia ile ni sheria ya 2013, ilikuwa imekwama mahakamani, Mahakama ya Rufani ndiyo iliyoifungulia mlango. Wa upande wa serikali wakanipigia makofi, wakanibatiza mzee wa busara. Julai ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, shilingi 330 kwa mpwa wangu, nikaandika kwamba hii sasa ni ya serikali hii, imo kwenye Sheria ya Fedha ya 2023. Makofi yakakatika, na shemeji akauliza nimelipwa na nani.