Nilivyoacha kumuuliza bondia "Uko sawa?"

Bondia aliyetikiswa ubongo atakujibu "niko fiti, mwalimu" hata kama hakumbuki aliingiaje ulingoni. Kwa hiyo kwenye kona yangu swali la "uko sawa?" nimelipiga marufuku. Kati ya raundi na raundi kuna dakika moja. Sekunde kumi za kwanza ni zangu, mimi ninayeangalia afya ya bondia, kabla kocha hajafungua mdomo. Hii ni raundi ya ngapi? Ulipodondoka alikupiga mkono gani? Jana mlipimwa uzito wapi? Akichelewa kujibu, akinijibu kwa kurudia swali langu, au akitazama watu huku mimi niko mbele yake, namwita mwamuzi na pambano letu linaishia hapo. Wengi wanasubiri mtu azimike ndipo waamini ubongo umeumia. Mitikisiko mingi haimzimishi mtu hata sekunde moja.

Maswali hayo hayatoshi kama hujui bondia wako huwa vipi akiwa mzima, na hapo ndipo nilipokwama mwanzoni. Kipimo cha kujua hali yake ya kawaida si kigumu. Unamsomea maneno kumi, neno moja kila sekunde, ayarudie. Unafanya hivyo mara tatu. Anataja miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Anasimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mikono kiunoni, macho yamefumbwa, sekunde 20, nawe unahesabu mara anazoyumba. Zikipita dakika tano au zaidi unamuuliza tena yale maneno kumi. Alama unazihifadhi, na akipigwa kichwani unarudia kipimo kilekile na kulinganisha.

Nilikuwa nafanya haya siku ya kupima uzito, kwa kuwa siku hiyo wote wanakuwa mahali pamoja. Alama zikatoka za chini kwa kila mtu, maneno manne au matano katika kumi, na kwenye kusimama wanayumba. Sababu ni maji. Mtu amekimbia na koti la nailoni, tangu jana hajanywa kitu ili afikie kilo, unategemea kumbukumbu gani? Ubaya wake ni kwamba kesho yake akipigwa na kukumbuka manne, daftari langu linasema huyu ni mzima, ndivyo alivyo siku zote. Kipimo cha namna hiyo ni hatari kuliko kukosa kipimo, maana kinampa kocha karatasi ya kujitetea.

Sasa nawapima wiki tatu kabla, asubuhi ya siku ya mapumziko, wakiwa wamekunywa chai na kula, peku kwenye sakafu ya saruji. Mkeka wa jimu ni laini, kila mtu atayumba. Wapo wanaofeli makusudi ili baadaye wasionekane wameshuka. Hao nawapima siku nyingine tena. Anayedanganya ni vigumu akosee kwa namna ileile mara mbili. Pia nina orodha sita tofauti (mwembe, kisu, mvua, shati, kengele na kuendelea), kwa sababu orodha moja inavuja kambi nzima kwa siku mbili. Kule kusimama nakurekodi kwa simu. Video haibishaniwi.

Promota naye ana sehemu yake, na yataka uidai kabla ya kusaini, si usiku wa pambano. Nadai daktari akae kando ya ulingo, si jukwaani na wageni. Nadai gari la wagonjwa lenye oksijeni, dereva akiwa ndani, na hospitali iwe imeshaarifiwa. Tena si hospitali ya karibu tu, iwe na CT skani (mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa) na wapasuaji wa ubongo. Kwa Dar es Salaam mimi naitaja MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Gari ni laki kadhaa, na promota atalalamika. Hapo namweleza habari ya bondia Mwingereza, Michael Watson. Septemba 1991, London, alipigana na Mwingereza mwenzake, Chris Eubank, pambano likasimamishwa raundi ya 12, akaanguka. Oksijeni na vifaa vya kumsaidia kupumua havikuwepo ulingoni. Hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na wapasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishiwe St Bartholomew's. Alizimia siku 40. Mahakama ikasema bodi ya ngumi ya Uingereza ilikuwa na wajibu wa kumlinda na haikuutimiza, na mwaka 2000 rufaa ya bodi ikakataliwa. Promota akisikia neno mahakama, gari hupatikana.

Gari likipatikana, pita njia yake kwa miguu. Mimi hutembea na machela tupu kutoka ulingoni hadi getini nikiwa na saa mkononi, mchana, kisha tena watu wakishaingia. Mara nyingi tatizo ni bajaji zilizoziba geti, au mlango wa nyuma una kufuli na mwenye ufunguo hajulikani.

Akizimika, usimnyanyue, usimmwagie maji, usimpige makofi, na chupa ya amonia ya kumnusisha azinduke itupe kabisa: inamfanya arushe kichwa huku hujajua shingo ikoje. Toa kinga ya meno, shika kichwa na shingo viwe mstari mmoja, mlaze ubavu kama anatapika. Soda wanayosema "mpe apate nguvu" usimpe, huenda anakwenda kupasuliwa.

Anayeniogopesha zaidi ni yule anayetoka akitembea, anaongea, anapiga picha. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ulimi ukiwa mzito au akisinzia bila kuamshika, ni hospitali saa hiyohiyo. Usiku huo halali peke yake, haendeshi pikipiki, hanywi pombe. Dawa ya maumivu ni paracetamol. Aspirini na ibuprofen asiziguse, zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu.

Kurudi mazoezini tunaanza na siku moja au mbili za utulivu, kisha kutembea, kukimbia taratibu, kupiga kivuli (kurusha ngumi hewani), begi, pedi. Kila hatua inachukua angalau siku nzima, na kichwa kikiuma anarudi hatua ya nyuma. Sparing, yaani kupigana na mwenzake mazoezini, hakuna kabla ya siku 30 na ruhusa ya daktari. Siku 30 nimezitoa kwenye kanuni za zamani za ngumi za ridhaa: nokauti mbili ndani ya miezi mitatu zilikuwa siku 90, tatu ndani ya mwaka zilikuwa mwaka mzima nje. Na usiniambie atavaa kofia ya kujikinga. Kofia inazuia kuchanika nyusi, ubongo unaendelea kugonga fuvu kwa ndani.

Tarehe ya nokauti naiandika kwa wino kwenye jalada la daftari lake, pamoja na tarehe ya kuruhusiwa. Promota wa mkoani akipiga simu wiki ya pili kutafuta mpinzani wa haraka, kocha anampigia picha jalada na kumtumia.