Nilivyoifanya sabufa ya Bluetooth isichelewe kwenye ukumbi wa mjomba

Mjomba wangu ana ukumbi mdogo Nkuhungu, hapa Dodoma, unaokodishwa kwa vikao vya harusi, kipaimara na mikutano ya vikoba. Spika mbili zinaning'inia pembe za mbele, mikisa iko mezani karibu na mlango, na sabufa aliitaka pembeni mwa jukwaa, ng'ambo kabisa. Waya wa kukatiza sakafu ulishawakwaza watu, na habari ya kupasua zege hakutaka kuisikia. "Mwanangu, simu zinaongea bila waya. Sabufa itashindwa nini?"

Sabufa haishindwi. Kutoa sauti kwa Bluetooth ni mistari michache tu ya programu, na mifano imejaa mtandaoni. Kazi iko kwenye kuifanya besi imfikie msikilizaji wakati uleule inapomfikia sauti ya spika nyingine. Hilo nitalieleza kwa kirefu, mengine nitayapita haraka.

Sikununua seti iliyofungwa tayari. Niliagiza vipande kutoka Kariakoo vikaja kwa basi: bodi mbili za ESP32 (kompyuta ndogo za kuprogramu zenye Bluetooth), bodi mbili za PCM5102A zinazogeuza namba kuwa sauti, moja ya PCM1808 inayofanya kinyume chake, na amplifaya ya TPA3116D2. Kwenye ESP32 mnunuzi awe macho. Inayotakiwa ni ile ya kwanza kabisa, kwa sababu ina Bluetooth ya kizamani inayobeba muziki kwa utaratibu wa A2DP. ESP32-S3 na C3 ni mpya zaidi na muuzaji atakusifia, lakini zina BLE peke yake, yaani Bluetooth ya umeme mdogo isiyo na A2DP, na kwa kazi hii hazifai.

Sabufa yenyewe ni spika ya inchi 8 yenye omu 4, ndani ya kasha la MDF lililozibwa pande zote. Kasha ukitaka kujua kama linavuja, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili kisha uiachie. Ikirudi kwa uvivu, kasha limeziba. Ikiruka mara moja, tafuta tundu. La kwangu lilikuwa linapumua pale waya za spika zinapoingilia, na silikoni kidogo ikamaliza shida. Umeme wa amplifaya ni chaja ya laptopu ya volti 19. Hesabu ya haraka: volti mara volti, gawa kwa mara mbili ya omu. 19 kwa 19 ni 361, ukigawa kwa 8 unapata kama wati 45. Kwa betri ya sola ya volti 12 ungepata 18 tu. Ukumbi ule hauhitaji zaidi ya hizo 45.

Mpango ni huu. Sauti inatoka kwenye mikisa na kuingia kwenye bodi ya kwanza, niliyoipa jina la mtumaji. Mtumaji anaigawa njia mbili: moja inakwenda hewani hadi kwenye bodi ya pili iliyo kwenye sabufa, nyingine inarudi kwa waya hadi kwenye spika za ukutani. Watu wengi huacha spika zichukue sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa na kuipelekea sabufa tu kwa Bluetooth. Ukifanya hivyo umeshapotea, maana Bluetooth huchelewesha sauti na huna namna yoyote ya kuzisubirisha spika. Lazima sauti zote zipite kwenye mkono mmoja.

Kwenye bodi ya PCM5102A, ile ndogo ya zambarau, kuna mambo mawili yanayowatesa wengi. Pini ya SCK iunganishwe na ardhi (GND) ili chipu ijitengenezee saa yake, yaani mapigo ya kuhesabia muda. Kisha igeuze bodi uangalie nyuma: kuna vituo vinne vya kulehemu, na kile cha XSMT kinatakiwa kiwe upande wa H. Kikibaki L, chipu inanyamaza kabisa. Waya zote zitakuwa sahihi, programu itakuwa sahihi, na sauti hupati. Bodi nyingine huja zimeshalehemiwa, nyingine huja tupu, kwa hiyo kagua kwanza kabla hujailaumu programu. PCM1808 yenyewe inataka saa ya MHz 11.2896, yaani 256 mara 44,100 (idadi ya vipimo vya sauti, au sampuli, kwa kila sekunde), na ESP32 hii inaweza kuitoa kwenye pini chache tu, ikiwemo namba 0. Pini hiyo ndiyo ya kitufe cha BOOT pia, kwa hiyo wakati wa kupakia programu nilikuwa nauchomoa waya huo.

Programu niliandikia kwenye Arduino IDE nikitumia maktaba ya ESP32-A2DP ya Phil Schatzmann, iliyoko GitHub bure. Kupakua vitu vya ESP32 peke yake ni mamia ya MB, kwa hiyo subiri bando la usiku. Programu yenye Bluetooth ni nzito, ndiyo maana kwenye mgawanyo wa kumbukumbu nilichagua Huge APP. Kompyuta isipoiona bodi, anza na kebo. Kebo nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data. Kebo ikiwa nzima, weka draiva ya CP2102 au CH340 kulingana na chipu iliyo kando ya tundu la USB. Jina lake limeandikwa juu yake kwa herufi ndogo sana, mulika kwa tochi ya simu.

Baada ya hapo nikaja kwenye kuchuja. Sabufa inatakiwa ipewe sauti zilizo chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), na spika za ukutani zipewe zilizo juu ya hapo. Nilitumia mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu, yaani wa kukata kwa ukali, aina ya Linkwitz-Riley, ambayo ni filta mbili za Butterworth zilizofuatana. Ukiikokotoa filta ya Hz 100 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, namba ya kwanza ya fomula yake inatoka karibu 0.00005. Namba ndogo kiasi hicho ukiilazimisha kwenye hesabu kamili za biti 16 inageuka sifuri au takataka, na besi inatoka ikiwa na mkwaruzo. ESP32 ina kipande maalumu cha kukokotoa namba zenye desimali, kwa hiyo hesabu zote nilizifanya kwa float na bodi wala haikutoa jasho. Nikaongeza filta nyingine ya kukata kila kilicho chini ya Hz 30, kwa sababu spika ya inchi 8 huko chini inapepesuka tu, haitoi sauti ya maana.

Spika za ukutani zilivyopunguziwa besi tu, maneno ya MC yakaanza kusikika vizuri hata kabla sabufa haijawashwa. Kwangu hiyo ilikuwa nusu ya faida yote.

Kuhusu kuchelewa, kipimo nilikichukua hivi. Niliizima filta ya sabufa kwa muda, kwa sababu mlio uliochujwa unavimba na huoni unaanzia wapi. Nikaiweka simu juu ya kiti katikati ya ukumbi, mahali penye umbali sawa kutoka kwenye sabufa na kwenye spika moja, nikarekodi mlio mfupi wa "tak" ukitoka kote kuwili. Faili nikaifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Unaona vilima viwili kwenye mstari, unavuta kipanya kutoka kimoja hadi kingine, na programu inakuambia ni sekunde ngapi. Nilipata karibu milisekunde 180. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kwamba sabufa imewekwa mita 60 nje ya ukumbi, kwa jirani huko. Mjomba alikuwa ameshalisikia hilo bila Audacity. Nilipompigia rekodi ya akina mama wa Kigogo wakicheza muheme, alitikisa kichwa: "Ngoma inapigwa mara mbili hii."

Dawa yake ni kuzisubirisha spika za ukutani. Mtumaji anaziweka sampuli zao kwenye foleni ya mduara na kuzitoa baada ya milisekunde 180. Hizo ni sampuli 7,938, na kwa sauti ya mono yenye biti 16 ni baiti 15,876. Bluetooth inakula sehemu kubwa ya kumbukumbu ya bodi, lakini kiasi hicho hakikosekani. Ukitaka stirio zidisha kwa mbili. Ukumbi wa vikao hauna haja ya stirio, wanaokaa kushoto nao wanatakiwa wasikie kila kitu.

Kuna jambo moja linalofuata kutokana na hili, tena halikwepeki: kipaza sauti hakiwezi kupita njia hiyo. Mtu anayeongea huku sauti yake ikimrudia karibu moja ya tano ya sekunde baadaye anaanza kubabaika. Bahati nzuri mikisa ya mjomba ina njia ya pili ya kutolea sauti, kwa hiyo maiki inakwenda kwenye spika bila kupitia kwa mtumaji, na muziki peke yake ndio unaopita huko. Maiki haihitaji sabufa hata hivyo.

Kuna tatizo jingine ambalo halionekani dakika za mwanzo. Kila bodi ina fuwele yake ya kuhesabia muda, na hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu 10 kwa milioni inaonekana kama si kitu, lakini kwa saa moja ni milisekunde 36. Kwa shughuli ya jioni nzima, foleni ya sabufa (sampuli zilizopokelewa zikisubiri kutolewa) ama inafurika ama inakauka, na ikikauka inatoa mshindo unaoshtua ukumbi. Nilichofanya ni kuipa sabufa kiwango cha foleni cha kulinda. Ikizidi kidogo, inatupa sampuli moja. Ikipungua kidogo, inarudia sampuli moja. Kwenye spika ya kawaida sikio kali lingeweza kugundua, lakini hapa kurekebisha kunafanyika kabla ya filta, na filta ya Hz 100 inaifuta alama yote. Besi ina unafuu wake.

Mawimbi nayo nisiyasahau. Bluetooth inatumia GHz 2.4, na mwili wa binadamu umejaa maji yanayoyala hayo mawimbi. Ukumbi ukiwa mtupu kila kitu kinakwenda, watu wakiingia sauti inaanza kukatika. Bodi ya sabufa nilikuwa nimeifunga ndani karibu na amplifaya. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kikasha cha plastiki juu ya kasha, antena yake ikiangalia nje na mbali na chuma chochote. Mtumaji naye akapanda ukutani juu ya vichwa vya watu.

Kisha vijana. Jina "SABUFA" likionekana kwenye orodha ya Bluetooth, lazima mtu ajaribu. Kwenye kikao kimoja kijana aliiunganisha simu yake kabla mtumaji hajawashwa, na jukwaani ukawa unasikika mngurumo wa wimbo wake yeye katikati ya mambo ya mahari. Tangu hapo programu ya sabufa inakubali anwani moja tu, ya mtumaji, na nyingine zote inazikatia.

Kilichobaki ni kuoanisha muda wa sabufa na wa spika. Kwenye Hz 100 wimbi moja linachukua milisekunde 10, kwa hiyo ukikosea milisekunde 5 tu, sabufa inasukuma hewa wakati spika zinaivuta, na besi inapotea kabisa palepale kwenye mpaka. Na muda wa Bluetooth hautulii: kila bodi zinapoungana upya unahama milisekunde kadhaa. Namba ya kudumu kwenye programu haitoshi. Nikaunganisha kitasa cha kuzungusha kwenye pini ya 34 ya mtumaji, chenye uwezo wa kuongeza au kupunguza milisekunde 20 za kuzisubirisha spika. Kinaposogea, foleni inahama sampuli moja baada ya nyingine ili isitoe mlio.

Namna ya kukitumia ni rahisi. Kabla ya shughuli mjomba anapiga rekodi yenye mdundo mmoja unaojirudia, anasimama katikati ya ukumbi na kumwambia kijana wake azungushe polepole. Kuna mahali besi inalegea mpaka unadhani sabufa imezimika, halafu mbele kidogo inakaza na kugonga kifuani. Hapo ndipo anapoachia. Kitasa nilikichorea alama ya kati kwa kalamu nyeupe, lakini mjomba haiangalii. Anasema alama yake ni vioo vya madirisha ya nyuma, vikianza kutetemeka yeye anaridhika.