Juu, chini, juu, chini: fundo la Wakelti lilivyonitoa jasho Ngamiani

Wiki tatu zilizopita mteja kanitumia picha WhatsApp, fremu ya kioo ina mapambo ya kamba zinapishana pishana, anataka hivyo hivyo. Nikamjibu haina shida bosi. Si milango nachonga, ule mnyororo wa pembeni mwa fremu nauchonga huku napiga stori na bodaboda nje, sasa kamba itanishinda nini?

Mwe!

Kumbe hiyo kitu ni ya Wakelti, Ayalandi na Uskoti huko, watawa wao walikuwa wanaichora kwenye vitabu vya Injili, kile cha Kells ni cha mwaka 800 hivi na mpaka leo kiko Dublin. Na ina sheria moja tu. Kamba ikipita juu ya mwenzake, makutano yanayofuata ipite chini, halafu juu, halafu chini, hivyo hivyo mpaka irudi ilipoanzia. Ukikosea mahali pamoja tu, huko mbele utafika kwenye makutano uliyokwisha kuchonga ukute hayakubali.

Kuichora sio ngumu, unapiga nukta kwa mistari, kamba inapita kati ya nukta kwa mshazari, ikifika ukingoni inapinda inarudi. Mi nilipiga nukta 3 kwa 7, nikapata kamba moja tu haina ncha, ina makutano 32. Ukipiga 4 kwa 6 zinakuwa kamba mbili. Nilikaa nikawaza mbona hivi, nikaja kushtuka ni ile KKS ya shule ya msingi, kigawo kikubwa cha shirika! 3 na 7 ni 1, 4 na 6 ni 2. Mwalimu alinichapa kwa hiyo KKS na hakuniambia ina kazi gani. Halafu nasoma soma nakuta Wachokwe wa Angola nao wana michoro ya mchangani ya hivi hivi, nukta na mstari unaozunguka. Kwa hiyo hatujaanza jana.

Shughuli ni kwenye patasi. Ubao wenyewe mtiki wa Muheza, mzuri lakini unamaliza makali, una kitu kama mchanga ndani yake, kila nusu saa niko kwenye jiwe nanoa. Kwanza unakata ukingo wa kamba wima, ndo unashusha ardhi ya katikati milimita 5 hivi. Kwenye makutano ile ya juu huigusi, ile ya chini unaanza kuishusha taratibu kabla haijafika, iteremke kama inazama, ikitokea upande wa pili ipande tena. Ukiikata ghafla inaonekana vipande vya magogo vimepangwa, sio kamba. Hapo ndo pana kazi, makutano manne yananila saa nzima.

Siku ya pili mchana nimefika kama 20 hivi, bibi yuko kibarazani anasuka ukili, ncha kaibana na dole gumba la mguu, wala haangalii mikono. Kanyanyua macho mara moja tu.

"Mume wangu, hapo umeruka."

"Wapi bibi?"

"Hapo. Juu, juu. Mkeka wa hivyo ungefumuka."

Nikafuata na penseli toka mwanzo, kweli, kona ya kushoto chini, juu mara mbili mfululizo. Nilikuwa napokea simu nadhani. Na mbao sio ukili, ukishashusha huwezi kupandisha, wala kufumua. Nikachimba kidogo pale, nikachonga kipande cha mtiki ule ule, nyuzi zielekee upande mmoja, gundi ya mbao, nikakibana usiku kucha, asubuhi nikachonga upya na msasa juu.

Mteja kaja Jumamosi, kafurahi, kaniuliza maana yake nini hili fundo. Wanaouza vidani mtandaoni watakuambia umilele, mapenzi, sijui nini, ila watawa wenyewe hawakuandika popote kwamba hili maana yake hii, na mi sikutaka kumdanganya. Nikamwambia ni kamba moja haina ncha, fuata na kidole utaona. Akafuata yote mpaka akarudi alipoanzia, kona ya kushoto chini kapita bila kusimama.

Bibi alikuwa pembeni anacheka na ukili wake.