Bi mkubwa hajalazwa mwaka mzima, kwani ndo yuko sawa?

Kuna watu wanataka kutusaidia kifedha kwa hii kazi yetu ya kuzungukia wazee majumbani hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na kabla hawajatoa chochote wameuliza swali moja: tangu muanze, wazee wanaolazwa hospitali wamepungua kwa kiasi gani? Sikatai, ni swali la haki, pesa ya watu lazima ijulikane imefanya nini. Lakini naona tukikubali kupimwa kwa hesabu hiyo peke yake tutawaumiza wazee wenyewe, na nataka nieleze kwa urefu manake swali hili halitaishia kwetu, kesho litawafikia kina dada wa Matondoni na kesho kutwa ma-CHP, wale wahudumu wa afya ya jamii, wa Pate.

Kwanza kazi yenyewe kwa wasioijua. Hatufuati kila mwenye mvi, tunafuata wale waliodhoofika. Linda Fried na wenzake kule Marekani waliandika dalili tano mwaka 2001: mtu anapungua uzito bila kukusudia, anachoka ovyo, mkono hauna nguvu ya kushika, mwendo umekuwa wa polepole, na hajishughulishi tena kama zamani. Akiwa na tatu kati ya hizo anahesabiwa amedhoofika, na wa namna hiyo hata homa ndogo ama choo cha kuharisha siku mbili kinaweza kumwangusha asiinuke tena. Basi mzee kama huyo anapewa mtu mmoja wa kumfuatilia, ndo mratibu wake. Huyo anajua dawa zake, tarehe zake za kliniki, nani anampikia, nani anamwosha, ile 2,000 ya mwezi ya Inua Jamii, pesa ya serikali ya wazee, imeingia ama bado na ikiingia inashikwa na nani, na pakitokea jambo yeye ndo anapiga simu kwa nesi, kwa mtoto aliyeko Mombasa, kwa mwenye boti. Hamtibu. Anashika mambo yake yote pamoja yasipotelee njiani.

Nitoe mfano mmoja. Kuna bi mmoja Mkomani, amepita miaka themanini, analala juu ghorofani kwenye nyumba ya mawe na choo kiko chini, na zile ngazi za nyumba za zamani mnazijua, za kusimama kama ukuta na hakuna pa kushika. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinazunguka. Kliniki wakaona uvimbe wakampa dawa ya kukojoza, uvimbe ukabaki vile vile. Mwenzetu alipokwenda hakuanza na mashine ya presha, alikaa naye ukingoni mwa kitanda wakaongea mambo ya watu na ndoa, halafu akamwambia, "Bibi, hebu nitolee dawa zako zote nizione." Ukatolewa mkoba wa ukili. Ndani kulikuwa na amlodipini, dawa ya presha, pakiti mbili, majina ya nje tofauti, moja ya kliniki na moja aliletewa na mwanawe kutoka duka la dawa, na alikuwa akila zote mbili kila siku kwa sababu moja ni ya mviringo na nyingine ni ndefu, kwa hivo kwake ni dawa mbili. Amlodipini ikizidi huvimbisha miguu na huleta kizunguzungu. Ile ya kukojoza nayo ilikuwa haijaguswa. "Hii mbona huili, bibi?" Akajibu, "Mwanangu, nikila hiyo usiku nitashuka ngazi mara ngapi? Nikianguka ataniinua nani?"

Mwenzetu hakubadilisha dawa, hana ruhusa hiyo na asijaribu, alimpigia nesi na nesi akaongea na daktari, pakiti moja ikasimamishwa. Kukatafutwa kiti cha choo kikawekwa juu pale pale chumbani, na mjukuu akafunga kamba nene ukutani kando ya ngazi. Miguu ikashuka, kizunguzungu kikapungua. Sasa niambieni hiyo naiandika wapi kwenye fomu inayouliza tu wamelazwa wangapi.

Hili si jambo letu peke yetu, wenzetu wenye pesa nyingi wameshalipitia. Uingereza kuanzia 2003 walijaribu mpango unaitwa Evercare, uliotoka Marekani ambako ulikuwa wa wazee wa kwenye nyumba za kutunzia wazee, wakauleta kwa wazee wanaoishi kwao. Manesi wazoefu wakapewa wazee dhaifu wa kuwafuatilia, sehemu tisa za nchi. Kabla hata matokeo hayajatoka serikali ikatangaza inataka manesi wa aina hiyo 3,000 nchi nzima ifikapo 2008. Halafu watafiti wakatoa hesabu kwenye jarida la madaktari la BMJ mwaka 2007, walilinganisha kliniki 62 zenye mpango na maelfu ya kliniki zisizokuwa nao, na hawakuona kupungua kwa kulazwa kwa dharura wala vifo. Wazee na familia zao walikuwa wameipenda sana huduma. Wengi waliposoma wakasema basi, haifanyi kazi.

Mimi nasoma mambo mawili hapo. La kwanza linatuonya sisi wenye kufanya kazi hii. Martin Roland na wenzake, huko huko Uingereza, mwaka 2005 walifuata rekodi za watu wa miaka 65 na zaidi waliolazwa kwa dharura mara mbili ama zaidi ndani ya mwaka. Mwaka huo watu hao peke yao walikuwa 38% ya kulazwa kote kwa dharura kwa umri huo, mwaka uliofuata hawakufika 10%, na miaka mitano baadaye 3% na kitu. Na hakuna aliyewafanyia chochote cha zaidi. Yaani ukimchagua mzee wakati ameumwa kuliko wakati wowote, uwezekano mkubwa mwaka ujao atakuwa afadhali ama atakuwa ameshatangulia mbele ya haki, na vyote viwili vinapunguza hesabu ya wadi. Kwa hivo hata sisi tukisema tulianza na wazee waliolazwa sana na sasa hawalazwi, hiyo haithibitishi kitu kama hatuna wa kuwalinganisha nao. Nisingependa tupewe hata shilingi kwa hesabu ya namna hiyo.

La pili ni kwamba kumtuma mratibu bila kitu nyuma yake ni kazi bure. Kule Rovereto, kaskazini ya Italia, walichukua wazee 200 waliokuwa tayari wanahudumiwa nyumbani, wakawagawa kwa kura, nusu wakaendelea kama kawaida na nusu wakapata mratibu anayefanya kazi pamoja na daktari wao na timu ya kupima wazee. Baada ya mwaka, ilivyotoka 1998, wale wa mratibu walilazwa mara chache kuliko wenzao, miili yao ilifanya kazi vizuri zaidi na gharama ikashuka. Tofauti naiona kwenye hiyo timu. Mratibu wa Rovereto akisema huyu anahitaji kuonwa, anaonwa. Wa kwetu akisema, anaanza kutafuta nauli.

Na hapa ndo nafika kwenye hasa lililonifanya niandike. Uingereza ambulensi inafika mlangoni, mtu akilazwa sana wanauliza kwani huyu hangeweza kusaidiwa nyumbani? Amu hakuna gari linaloingia vichochoroni. Mzee abebwe kwenye kiti na vijana wanne ngazi hadi ngazi, ama mkokoteni, ama punda kama anaweza kukaa, na kama yuko Faza ama Kizingitini basi ni boti na maji yawe yamejaa na kusi isiwe kali, na mafuta ya boti nani analipa. Kuna wazee wengi hapa hawajalazwa miaka na si kwa uzima, ni kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafikisha. Ukiingia nyumba kama hizo ukaanza kumtazama mzee kwa makini utakuta kidonda cha mgongoni, utakuta sukari iko juu haijapimwa tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na utampeleka. Kwa hivo mwaka wa kwanza tukifanya kazi yetu sawasawa, waliolazwa kutoka mitaa yetu huenda WATAONGEZEKA, na mimi nitafurahi, na fomu itasema tumefeli.

Basi tupimwe na nini? Mimi ningetaka waulize siku ngapi mzee alikuwa kwake na hali nzuri, na alipohitaji hospitali ilichukua saa ngapi tangu mtu aseme "hali imebadilika" hadi akafika. Ameanguka mara ngapi. Anaweza kuinuka kwenye kiti, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kukaa, na kwa sekunde ngapi, hiyo haihitaji mashine, saa ya simu inatosha. Na mwanzoni kabisa aulizwe yeye, si mwanawe, ni jambo gani moja linakusumbua zaidi, liandikwe kwa maneno yake, baada ya miezi sita arudiwe aulizwe hilo hilo. Mwingine atasema maumivu, mwingine atasema hajafika msikitini tangu goti lianze.

Waliokufa wasifutwe daftarini. Mzee aliyetaka kufia kwake akafia kwake bila maumivu, wanawe wako naye, hiyo si hasara ya mpango na isihesabiwe hivyo.

Halafu anayemtunza. Hapa sisitizo langu ni kubwa manake karibu kila nyumba ni binti ama mkaza mwana, na ukimuuliza mbele ya mzee atakwambia alhamdulillahi hatujambo. Msubiri akusindikize mpaka dakani, hapo ndo utasikia halali usiku, ameacha kuuza mahamri asubuhi, mgongo umekwisha kwa kumgeuza mtu kitandani. Kama baada ya mwaka mzee yuko vizuri lakini yule dada amevunjika, mimi sisemi mpango umefaulu.

Kuhusu kulinganisha, njia ipo na haina dhuluma. Hatuna watu wa kutosha kuanza mitaa yote kwa mpigo, basi tupige kura, nusu ya mitaa ianze sasa na nusu baada ya miezi sita, na wote wapimwe tangu mwanzo. Ma-CHP wanaweza kutusaidia kuwapata wazee, serikali ilizindua kama 100,000 nchi nzima mwaka 2023 na wana mashine za presha na sukari kwenye mikoba yao. Lakini mtu mwenye nyumba kama mia moja kwa 5,000 kwa mwezi huwezi kumwongezea na hili akalifanya vizuri, atakuwa mjazaji fomu tu. Mratibu wa wazee dhaifu apewe wachache na alipwe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee apate matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali, wote wawili, kwa hivo mafuta ya boti yaingie kwenye bajeti ya mpango tangu siku ya kwanza, yasiachiwe mtoto wa Mombasa. Hivi ndivyo tutakavyowajibu hao wafadhili wiki hii. Wenzangu wa Siyu na Faza mnaofuatilia wazee, nataka kujua nyinyi mnaandikaje safari iliyoshindikana, yule aliyetakiwa kwenda na boti haikutoka, manake kwenye daftari letu hiyo bado haina safu yake na ndiyo nataka iwe ya kwanza.