Kichupa kwenye funguo

Jana binti yangu alichukua funguo zangu mezani, akafungua kile kichupa cha chuma kisichozidi kidole chake kidogo, akakinusa.

"Mama, humu mlikuwa na nini?"

"Mafuta."

"Ya nywele au ya kupikia?"

Ya zeituni, mwanangu. Na hapo nikawa nimerudi Salt Lake City, Marekani, Januari 2016, kwenye chumba cha chini ya nyumba, theluji imeziba nusu ya dirisha na kichomi kimenibana ubavu.

Yule mzee mwenye nyumba na mkewe walikuwa Wamormoni tangu enzi za mababu. Kilichotukutanisha mimi na mzee ni jiwe. Agosti 2015 kanisa lao lilikuwa limetoa hadharani, kwa mara ya kwanza, picha za jiwe la Joseph Smith, nabii wao aliyelianzisha kanisa hilo: la hudhurungi, umbo la yai, na kifuko chake cha ngozi. Alikuwa akilitia ndani ya kofia, anainamisha uso humo kuzuia mwanga, kisha anatamka maneno yaliyokuja kuwa Kitabu cha Mormoni, kitabu chao kitakatifu. Mzee alikuwa amekua akiona michoro ya nabii akiyatazama tu mabamba ya dhahabu ambayo husemwa kitabu hicho kilitafsiriwa kutoka humo, basi picha ile ilimnyima usingizi. Akaniuliza, kwa haya, kama na kwetu kuna vitu vya namna hiyo.

Nikamweleza kombe: aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Kisha nikamchorea mraba wa hirizi ya bibi yangu, vyumba tisa, kila mstari ukijumlishwa unatoa 15. Akanyamaza. Akaleta kitabu chenye picha ya kipande cha fedha cha mviringo ambacho husemwa kilikuwa cha Joseph Smith, ingawa wanahistoria wanabishania jambo hilo. Mraba wa vyumba kumi na sita, herufi za Kiebrania, kila mstari 34. Ulitoka katika vitabu vya Ulaya vilivyochota kwenye Kabbalah, elimu ya siri ya Kiyahudi, na Wayahudi huhesabu kwa herufi zao kama sisi tunavyohesabu kwa abjadi: alifu moja, be mbili. Tulikaa jikoni mpaka usiku tukijumlisha, yeye kwa penseli, mimi kwa vidole.

Siku ya nne ya homa alibisha mlango, mwanawe wa kiume yuko nyuma yake. Huwa wawili: mmoja hupaka mafuta, wa pili hutia muhuri upako ule na kutamka baraka. Aliuliza kama ningependa wanibariki. Nikikataa, akasema, supu italetwa vilevile. Nilimtazama mkewe, kisha nikaitikia kwa kichwa. Mkewe ndiye aliyenirudisha nyuma mtandio, kiasi cha vidole viwili tu, na akaushika pale usiteleze.

Mzee akatoa funguo za gari mfukoni na kufungua kichupa kilichoning'inia humo. Mwanawe akanidondoshea tone moja, utosini. Lilikuwa la baridi, likatambaa taratibu katikati ya nywele. Halafu akauliza jina langu kamili, maana lazima litajwe. Nikampa langu, la baba, la babu. Alilirudia kwa kunong'ona, mara tatu, akihangaika na ile ghaini ya babu mpaka ikamtoka sawasawa. Ndipo mikono ikatua, minne, mizito, wa mzee ukitetemeka. Akalitaja jina. Babu yangu amezikwa Lamu, na yule mzee asingeweza kuionyesha Lamu kwenye ramani, lakini alimtaja kwa uangalifu ambao sijausikia hata kwa ndugu. Machozi yakanitoka. Moyoni nilikuwa nasoma Ayatul Kursi, na mpaka leo sijui kama nilikuwa najikinga naye au namwitikia.

Dawa za hospitali nilizimaliza, nikapona. Nilipoondoka mwaka uliofuata alinipa kichupa kikiwa kitupu, kimeoshwa.

"Ulipona kwa mafuta?" binti akauliza.

"Kulikuwa na dawa pia."

Hakuridhika. Alikifunga na kukinusa tena.

Mama yangu sijawahi kumsimulia. Angeuliza kwanza habari ya mikono ya wanaume, na angekuwa na haki. Jioni alipopiga simu, binti ndiye aliyeiwahi. Nilimsikia kutoka jikoni: "Bibi, unajua mama alipakwa mafuta?" Nikabaki nimesimama, mwiko mkononi, nikisikiliza ukimya wa upande wa pili.