Tiki Kumi na Moja

Somo: Wagalatia 6:1-5

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naanza kwa kuungama, maana Yakobo anasema, “Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa” (Yakobo 5:16). Mkiniona nimeanzia aya hiyo, jueni kuna jambo limenikaa kooni.

Mimi ni kiongozi wa darasa. Wageni kwetu huchanganyikiwa kidogo hapa, wakidhani ni darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Kumbe sisi Wamethodisti tumegawanywa katika vikundi vidogo vya majirani, kila kikundi na kiongozi wake na daftari lake. Daftari langu lina jalada la kijani lililomwagikiwa chai upande mmoja, na ndani mna majina kumi na manne. Mbele ya kila jina nimepiga mistari ya vijumba vya wiki. Mtu akitoa mchango wake namtia tiki. Asipotoa, kijumba kinabaki kitupu.

Kuna bibi mmoja katika darasa langu, jina lake nitalihifadhi. Mchango wake ni shilingi hamsini kwa wiki na hajawahi kukosa. Tangu kanisa lipate nambari ya M-Pesa, hamsini yake huingia Jumapili alfajiri, kabla hata mlinzi hajafungua milango. Nilimtia tiki wiki kumi na moja mfululizo. Kwenye mkutano wa robo mwaka, mwezi Machi, nilimtaja kwa jina mbele ya mchungaji na wasimamizi: “Tungekuwa na kumi kama huyu, tusingekuwa na deni la mabati.” Watu wakapiga makofi.

Wiki ya kumi na mbili bodaboda niliyopanda ilipata pancha karibu na kwake. Kijana akaanza kutafuta wa kumzibia, nami nikaona si vibaya kupita kumsalimia bibi. Nakiri kwamba bila ile pancha nisingepita.

Nilipiga hodi, sauti ya mtoto ikaniitikia. Ndani nikakuta kitanda kimesogezwa hadi sebuleni, bibi amelala chali, miguu imefunikwa leso mbili, beseni chini ya kitanda. Pembeni palikuwa na kigoda, na juu yake bakuli la mbaazi lililofunikwa sahani. Mwishoni mwa Januari aliteleza msalani. Alipigwa picha, akaambiwa nyonga ina ufa, akarudishwa nyumbani alale. Tangu siku hiyo hajavuka kizingiti. Aliyekuwa akituma ile hamsini ni mjukuu wake, mtoto wa gredi ya sita, kutoka kwenye pesa ambazo mama yake hutuma kutoka Qatar anakofanya kazi. Hata zile “Amina” zilizokuwa zikijibiwa kila asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp kutoka simu ya bibi, ni mtoto huyo huyo alikuwa akiziandika kabla ya kwenda shule.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu.” Akajaribu kuinuka, akashindwa. Uso ukaingia wasiwasi. “Kwani hamsini haikufika?”

Wapendwa, nimehubiriwa na maaskofu, sijawahi kuchomwa vile. Bibi wa watu alikuwa kitandani miezi karibu mitatu, kiongozi wake wa darasa amesimama mlangoni, na sababu pekee aliyoweza kuifikiria ya mimi kuwa pale ni pesa.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kusoma upya habari ambayo nilikuwa naifundisha kila mwaka kwa wanaojiandaa kupokelewa kuwa washiriki, habari ya jinsi madarasa yalivyoanza. Tuisome tena pamoja.

Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikuwa na deni. Miaka mitatu kabla, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa amewajengea jumba la mikutano, New Room, na bado halijalipiwa. Tarehe 15 Februari wakakaa kutafuta njia. Nahodha mmoja, Foy, akasema kila mtu atoe peni moja kwa wiki mpaka deni liishe. Mwingine akamjibu kwamba wengi wao ni maskini na hiyo peni hawana. Hapo Foy akasema maneno ambayo ningependa yaandikwe ukutani kwetu. Kwa lugha yetu ni kama hivi: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Wakiwa na cha kutoa, vema. Wasipokuwa nacho, nitawatolea pamoja na changu. Na kila mmoja wenu awapitie majirani zake kumi na mmoja kila wiki, apokee watakachotoa, palipopunguka ajazie mwenyewe.

Darasa la Kimethodisti lilizaliwa hivyo. Lilikuwa mpango wa kulipa deni, basi. Lakini wale viongozi walipoanza kugonga milango kufuata peni, walirudi na habari zisizo za peni. Fulani nimemkuta nyumbani kwake, haishi inavyompasa. Wesley aliposikia hayo alitambua kuwa ndicho kitu walichokuwa wamekikosa muda wote. Mwaka uliofuata, 1743, alipoandika kanuni za jamii zake, aliandika na kazi ya kiongozi wa darasa: kumwona kila mtu wake angalau mara moja kwa wiki na kumwuliza nafsi yake inaendeleaje, kumshauri, kumkemea, kumfariji au kumtia moyo kadiri ya haja, kisha kupokea alicho radhi kutoa. Halafu akutane na mchungaji, amweleze walio wagonjwa. Tazameni kipi kimetangulia na kipi kimefuata. Daftari langu mimi lilikuwa na hicho cha kupokea mchango peke yake.

Silaumu M-Pesa. Zamani mchango ulipopita mkono kwa mkono kuna uliochelewa njiani, na wazee wa hapa wanajua ninachosema. Hesabu zetu sasa ni safi, mweka hazina halali tena na bahasha chini ya mto. Ila peni ya Bristol ilimlazimisha kiongozi afike mlangoni. Hamsini ya bibi ilinifikia mimi kitandani kwangu, kwa mlio mdogo wa simu, nami nikageukia upande wa pili nikalala.

Wala msidhani Wesley hakujua shida ya “sina muda”. Ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba iliwachosha mapema. Ilikula saa nyingi, tena wengi wa washiriki waliishi kwenye nyumba za mabwana zao, ambao hawakutaka wageni wa kuja kuulizia nafsi za watumishi. Ndipo wakakubaliana wakutane mahali pamoja mara moja kwa wiki. Walibadilisha mahali, lakini kuonana uso kwa uso hawakukuacha. Na sisi wa Pwani ya Kenya tuna sababu ya ziada ya kulielewa hili. Kazi ya Kimethodisti ilianza Ribe mwaka 1862, akiwamo mmisionari Thomas Wakefield, na baadaye vituo vya Ribe na Jomvu vikawapokea watoro waliokimbia utumwa. Mtu alifika pale hana mjomba wala shangazi wa kumwuliza ameamkaje.

Sasa, yale mbaazi.

Nilimwuliza mjukuu nani ameleta. Akamtaja mama mmoja wa ng'ambo ya barabara ambaye kila Jumamosi huja na chakula, huwafulia, na kumgeuza bibi ubavu. Nikanyamaza. Mama huyo mnamjua, na mwenyewe ameniruhusu niseme kiasi hiki. Ni yule wa sufuria.

Kwa msiojua: mwaka jana sufuria kubwa ya umoja wa akina mama iliazimwa kwenda kwenye harusi, ikarudi kitako kimeungua na mkono mmoja umelegea. Ikaulizwa ilikuwa mikononi mwa nani. Maneno yakatolewa kwenye kundi, hadharani, na mengine yalitumwa kwa sauti, dakika mbili nzima. Mama yule akajitoa kwenye kundi, akaacha na kuja kwenye darasa. Hajasalimiana na mwenzake waliyekosana naye tangu hapo. Jumapili wanaimba kwaya moja, mmoja kasimama mwanzo wa mstari na mwingine mwisho, na sauti zao zinapatana vizuri ajabu.

Nilikwenda kumwuliza kwa nini hakutuambia bibi anaumwa. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. “Ningemwambia nani? Na wewe si ndiye kiongozi? Nilijua wajua.”

Habari ya mgonjwa ilikwama kwenye sufuria. Wengine ibadani walipoona kiti cha bibi ni kitupu walidhani amesafiri kwa bintiye, maana kuna mtu alisema hivyo na hakuna aliyeuliza alilisikia wapi. Bwana wetu alisema, “Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo” (Mathayo 18:15). Nilizoea kuisoma aya hiyo kama dawa ya watu wawili walioudhiana. Sikujua kwamba watu wawili wasiposemezana, wa tatu anaweza kulala miezi mitatu bila kujulikana.

Ndiyo maana nimewaletea Wagalatia 6. Aya ya pili yasema, “Mchukuliane mizigo na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” Aya ya tano, sentensi chache tu baadaye: “Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe.” Nimewahi kuulizwa na kijana kama Paulo amesahau alichoandika juu. La. Ni maneno mawili, na Biblia yetu ya Kiswahili imeyatenganisha vizuri, kama yalivyotengana katika Kigiriki.

Furushi ni nguo zako ulizozifunga mwenyewe kwenye leso. Unajua kilichomo, unajua lina uzito gani, na hakuna haja ya kumsumbua mtu. Mzigo ni gunia. Gunia mtu hajitwiki. Wanaotoka kisimani au shambani wanajua: unaweza kuwa na shingo ya chuma, lakini lazima awepo wa kukutwika, na ufikapo lazima awepo wa kukutua. Hapo katikati unakwenda peke yako. Yule mama wa sufuria hakumponya bibi nyonga. Alimtwika asubuhi ya Jumamosi, akamtua jioni.

Na furushi langu mimi ni lile daftari. Hilo siwezi kumpa mtu anichukulie, wala kulilaumu kundi, wala kusema washiriki wamekuwa wengi. Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimebeba kanda kumi na nne za usufi, nikijiona nina nguvu.

Tena Kiswahili kina zawadi nyingine hapa. Kuchukuliana ni kusaidiana mzigo, na pia ni kuvumiliana: “mkichukuliana, na kusameheana, mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake” (Wakolosai 3:13). Paulo hasemi lawama haina sababu. Sufuria iliungua kweli, na ni ya watu.

Nimekwenda kwa bibi mara tatu sasa. Mara ya pili nilimwuliza swali la Wesley, nikijikaza kwa aibu, maana miaka yangu yote ya uongozi sijawahi kumwuliza mtu nafsi yake inaendeleaje. Alicheka mpaka akashika ubavu. “Mwanangu, Januari si tulisoma lile Agano?” Mnakumbuka, kwenye Ibada ya Agano, ambayo Wesley aliwaanzishia watu wake London mwaka 1755, tunamwambia Mungu atutumie au atuweke kando kwa ajili yake. “Basi,” akasema, “mimi nilisema kwa sauti, na wiki tatu hazikuisha nikawekwa kando. Nafsi yangu ni nzima. Inachoshwa na dari tu.”

Kisha akaniuliza yangu. Nilijibu kwamba iko salama. Akaendelea kunitazama, hakusema kitu, na mjukuu akaacha kuandika kazi yake ya shule akanitazama pia. Nilikaa pale mpaka strungi ikapoa, na mengine niliyomwambia hayamo katika tafakari hii.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliohesabu michango na kuwasahau waliotoa. Mponye mama yetu, na tuma wa kumtua kila aliyetwishwa. Utupe ulimi wa kumwendea ndugu faraghani. Kwa jina la Yesu, Amina.

Tangazo: darasa la Alhamisi hii ni nyumbani kwa bibi, saa kumi na moja jioni. Viti ni viwili na kigoda kimoja, kwa hiyo anayeweza aje na mkeka. Mama wa ng'ambo ya barabara amekubali kupika chai, na amesema sufuria ya kwake haitoshi, atahitaji ile kubwa. Anayeitunza sasa ni yule mwenzake. Nimekataa kutumwa kuichukua.